Sikio la Kushoto la Kengele, Mgonga Mwamba

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi wenzake wa machimbo mliokuja na viatu vya kazi, sogeeni karibu, mlioegemea ukuta kule nyuma njooni mbele, viti hivi havina miiba, zimeni simu, wenye watoto wachanga wawanyonyeshe sasa hivi, kisha tunyamaze, kwa sababu leo hapa hakuna kipaza sauti wala hakitaletwa. Marehemu alikikataa mwenyewe akiwa na akili zake timamu, alisema atakayeleta spika kwenye msiba wake atamwinukia kutoka ndani ya sanduku, na sisi tuliomjua hatukutaka kumjaribu. Basi historia yake itasomwa kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyozungumza na mtu aliyeketi naye, na yule mzee mpana aliyepewa kiti cha mbele kabisa, anayetazama mdomo wa msomaji bila kupepesa, ni Fahali, mtoboa mwamba wa zamani, hasikii lolote, msimsemeshe kwa nyuma, habari zake zinakuja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya matofali iliyopakana na kiwanda cha misumari, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa baba mwendesha mashine na mama mpika chai wa kiwanda hichohicho. Alizaliwa mashine zikiwa zinakata waya, mkunga ikabidi amwinamie mama sikioni ndipo amwambie kuwa ni wa kiume, na mama alikuwa akisema mpaka uzeeni kwamba mtoto huyu alimwona analia, kumsikia alimsikia Jumapili, kiwanda kilipofungwa.

Baba yake, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya, lakini masikio yake yalikuwa yameliwa na ile mashine kabla hajaota mvi, wala hakuna aliyemwambia, naye hakujua, alichojua ni kwamba watu wa nyumba yake wameacha kumjibu. Aliuliza chumvi iko wapi, akajibiwa, hakusikia, akauliza tena kwa hasira, akajibiwa, hakusikia, ndipo mkono ukainuka, na katika nyumba ile kofi lilifika mezani mara nyingi kuliko nyama. Mama alimsihi kwamba akipiga apige makalioni, palipopewa nyama kwa kazi hiyo, asiguse kichwa, na maombi hayo nayo hakuyasikia. Siku moja ya mwaka 1958 Kengele, akiwa na miaka saba, aliulizwa kama amefunga banda la kuku, akasema ndiyo baba, akasema tena ndiyo baba, na la tatu hakuwahi kulisema, kofi lilitua bapa juu ya sikio la kulia, akaangukia jiko la mkaa, damu ikatoka sikioni nyembamba kama uzi ikaingia kwenye kola ya shati. Tangu hapo sikio la kulia likawa la pambo, na karibu kila kitu alichosikia maishani kilipitia kushoto.

Alianza shule mwaka 1959, katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya maghala ya reli, akamaliza mwaka 1966, na kwa kweli masomo hayakumkumbatia wala yeye hakuyafukuzia, lakini alipewa kazi ya kugonga kipande cha chuma cha reli kilichoning'inizwa mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, akakigonga kwa nguvu na furaha kiasi kwamba jina la Kengele likamganda, hata mama yake akaliacha lile alilompa mwenyewe. Alikuwa akiwachekesha wenzake kwa kugonga chochote kilichokuwa mbele yake, sufuria, bomba, mtungi, akainamisha kichwa kwa kushoto na kusema kama kina ufa, na mara nyingi alipatia, hata akina mama wakawa wanamwita sokoni kabla hawajanunua chungu.

Ni kipaji hicho kilichompeleka machimboni, alikoajiriwa tarehe 3 Februari 1969 kuwa mwanafunzi wa mgonga mwamba, na wale ambao hawajawahi kukanyaga machimbo ya mawe wavumilie kidogo waelezwe. Baruti ikishalipuka na vumbi likatua, ukuta wa mwamba hubaki umesimama lakini umetikiswa, pengine mzima, pengine umeachana kwa ndani huku kwa nje unacheka, kwa hiyo hakuna mpakia mawe anayekanyaga chini yake mpaka mgonga mwamba apite kwanza, peke yake, na mtaimbo wa chuma, akigonga jiwe baada ya jiwe na kusikiliza. Jiwe zima hulia kwa juu, kwa ukali, kama kengele, jiwe bovu hutoa sauti ya gunia la unga lililopigwa teke, na mgongaji akiridhika hupaza sauti kwa maneno mawili tu, zima, ingia, ndipo wenzake wanaingia na makoleo yao bila kuuliza, wakiwa wameweka roho zao ndani ya sikio la mtu mmoja.

Sasa ujinga wa machimbo yale ulikuwa hapa. Asubuhi nzima, kabla ya baruti, drili za hewa zilitoboa mwamba, mashine ambayo ukiwa karibu nayo inakutikisa meno na kukusahaulisha jina lako, na mgongaji alitakiwa kusimama ubavuni mwa drili masikio wazi, kwa sababu desturi ya pale ilisema sikio la mgongaji halizibwi, eti likizibwa linalala, linalisahau jiwe. Vifuniko vya masikio vilikuwepo, vile vikubwa ambavyo wenyewe waliviita mabakuli, lakini vilikaa ndani ya maboksi yake stoo, chini ya mifuko ya saruji, na aliyethubutu kuvigusa aliulizwa na Fahali mimba yake ina miezi mingapi. Kwa hiyo Kengele, kwa miaka kumi, aliliacha wazi mbele ya drili sikio lilelile alilolihitaji mbele ya jiwe, akaliunguza asubuhi, kisha mchana akaliomba limfanyie kazi.

Tarehe 6 Juni 1976, siku ya Jumapili, marehemu alifunga ndoa na mkewe mpendwa, mshona magodoro, ambaye yupo hapa nasi, wakaanza maisha katika vyumba viwili juu ya gereji ya malori, na mkewe ndiye aliyeona kwanza. Aliona redio inapandishwa sauti mpaka jirani anagonga ukuta, aliona mume anarudi kazini anakunguta kichwa kama mtu aliyeingiwa na mdudu, akilalamika kwamba kichwani kuna kitu kinalia ngiii hakinyamazi, akaona anawaambia watu waache kunong'ona na hali hakuna aliyenong'ona. Mkewe alimwambia aende akapimwe, yeye akamjibu kwamba mgonga mwamba anayepimwa masikio ni sawa na dereva anayeshikwa mkono kuvuka barabara, na maneno hayo aliyasema kwa kupiga kelele, kwa sababu gereji ilikuwa kimya naye hakujua.

Mwaka 1978 mwamba ulianza kumpotea. Mawe yote yakawa yanamlilia kama gunia la unga, mabovu na mazima, ule mlio wa juu ulikuwa umeondoka kama ndege anavyoondoka bila kuaga, naye kwa hofu akawa anayakataa yote, anasema bovu, bovu, teremsheni, na watu wakashinda juani wakiteremsha kwa mitaimbo mawe ambayo hayakuwa na kosa. Wakamgeuka. Walimwita Gunia badala ya Kengele, msimamizi akamwambia mbele ya watu kwamba mtaimbo huo una wagombea, na jioni moja watoboaji wakiongozwa na Fahali walimbana nyuma ya stoo ya vifaa, wakampiga ngumi za tumbo na mateke ya miguu, wakimuuliza kwa kila pigo, hili nalo bovu, hili nalo bovu. Hakumwambia mtu, hakumwambia hata mkewe, alisema ameteleza kwenye kokoto, na baada ya siku hiyo akaanza kutazama nyuso za watu kabla ya kusema jiwe likoje.

Alhamisi, tarehe 23 Agosti 1979, aligonga jiwe lenye umbo la kabati lililotokeza upande wa mashariki wa ukuta, likampa sauti ileile ya gunia aliyopewa na mawe yote ya mwezi ule, akageuka, akamwona Fahali ameshika kiuno, akawaona wapakiaji wamechoka kusubiri, na mbele yao kabisa mdogo wake, Kitindamimba wa mama yao, mpakia mawe, mcheshi asiyeishiwa maneno, ambaye kila siku aliingia wa kwanza kwa sababu aliyegonga ni kaka yake. Kengele akapaza sauti.

"Zima, ingia."

Kitindamimba akaingia akiwa anamalizia kisa alichokuwa akiwasimulia wenzake. Waliokuwepo walisema baadaye kwamba jiwe lilitoa mlio kabla halijaachia, mlio mwembamba kama mluzi, wote waliusikia na kurudi nyuma, na aliyekuwa karibu kuliko wote, ambaye angeweza kumshika Kitindamimba shati akamvuta, ni Kengele, na Kengele alisimama vilevile, ameegemea mtaimbo wake, hakusikia mluzi wala kelele za watu, alichojua ni kwamba ardhi imempiga nyayoni na mdogo wake hayupo. Jiwe lilimfunika kuanzia mabegani kwenda chini, lilimvunja vyote vilivyokuwa vya kuvunjika, na mkono uliobaki nje ulikuwa bado umeshika koleo, vidole vikalazimika kufunguliwa kimoja kimoja.

Mazikoni palikuwa na vita. Sanduku lilikuwa bado halijateremshwa wakati watoboaji na wapakiaji walipomzunguka Kengele, mmoja akamsukuma, wa pili akampiga kwa ubapa wa koleo la kuzikia, akaangukia udongo uliochimbwa, wakampiga hapohapo, kwa viatu, kwa ngumi, kwa mabonge ya udongo wa kaburi la ndugu yake, na yeye hakuinua mkono. Mama yao, mpika chai yule, alipasua katikati ya wanaume, na kofi lake la kwanza alimpiga mwanawe mwenyewe, kisha akamuuliza, "Ulilisikia jiwe au hukulisikia?" Kengele alikuwa amempa kisogo, anatazama kaburi. Akamuuliza tena. Akasogea mpaka nyuma ya kichwa chake, akapiga makofi mawili makubwa, yale ya kufukuza ndege shambani, na watu wote walishtuka isipokuwa yule aliyepigiwa. Hapo mama akaelewa, kwa sababu alikuwa ameishi na mume wa namna hiyo miaka thelathini, akamlalia mwanawe mgongoni na kumfunika kwa kanga yake.

"Mwacheni," alisema. "Huyu hasikii. Nimezika mmoja leo, msinizikishe wawili."

Wakamwacha, si kwa huruma, kwa kuchanganyikiwa, na koleo lilelile likarudi kwenye kazi yake.

Wiki iliyofuata mkewe, aliyekuwa na mimba ya miezi mitatu, alimpeleka hospitali ya masikio akimshika mkono kweli, kama yule dereva wa kuvushwa barabara. Walimweka kwenye kijichumba chenye kuta za sponji, wakamvika vifaa vya kusikilizia, wakampa kitufe abonyeze kila atakaposikia mlio, akakaa na kitufe kile mpaka akafikiri mashine yao imeharibika, akatoka kuwaambia, kumbe milio ilikuwa imepita mingi. Muuguzi wa masikio, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimweleza kwamba ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo mfano wa nyasi, kelele ikivikanyaga leo vinalala, ukivipumzisha vinainuka, lakini kelele ikifanya njia hapo kila siku, pale nyasi haioti tena, na kwamba ile ngiii ya jioni ilikuwa sikio linapiga yowe la kuomba msaada. Alimweleza pia kwamba zinazoondoka mwanzo ni sauti nyembamba, za juu, za ndege, za filimbi, za watoto.

"Lililokwenda limekwenda, baba," alisema muuguzi, uso kwa uso, taratibu. "La kulia halina kitu. La kushoto bado lina kidogo, na hicho kidogo ni chako kukitunza au kukimaliza."

Mkewe akauliza, "Na mtoto?"

"Akilitunza, atamsikia mtoto wake. Asipolitunza, atamwona tu anafungua mdomo."

Kengele alilisoma hilo kwenye midomo yao, na kwa mara ya kwanza akamwelewa baba yake, akauelewa mkono ule na chumvi ile na banda lile la kuku, akaona jinsi mtu anavyoweza kuwapiga watu wake maisha yake yote kwa sababu ya maneno waliyokwisha kumjibu. Alituambia sisi ndugu zake kwamba hapo kitini, na kitufe mkononi, aliapa mambo mawili, kwamba mtoto huyo atamsikia, na kwamba hatamgusa.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, binti yao, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1980 kabla ya wakati wake, mdogo kama mkate wa nusu, na sauti yake, mnaomjua mnajua, ilikuwa nyembamba, na ndivyo ilivyo mpaka leo. Baba yake alimwinamia kwa kushoto, akakaa hapo ameinama mpaka mkunga akafikiri ameumwa mgongo, kisha akasema analia, namsikia, analia, akatoka nje akawaambia mafundi wote wa gereji.

Alirudi machimboni, na msimamizi alipomuuliza atafanya nini sasa akaomba stoo, kwa sababu alijua kilichokuwa chini ya ile mifuko ya saruji. Siku ya kwanza alitoa maboksi yote, akayakung'uta mabakuli vumbi, akasimama langoni na mpini wa sururu, na hakuna mtoboaji aliyepita kichwa kitupu, asiyevaa alivalishwa, na aliyevuliwa kofia yake kwa nguvu alijikuta ana kitu kingine kichwani kabla hajamaliza tusi. Wengine walijaza pamba masikioni wamdanganye, akawachomoa pamba na kuwaambia alivyoambiwa na muuguzi, kwamba kuzuia drili kwa pamba ni kukinga mvua kwa chekeche. Desturi ya mgongaji kusimama ubavuni mwa drili aliivunja kwa ugomvi wa miezi, akaamuru mgongaji akae mbali asubuhi yote, nyuma ya nyumba ya kuvunjia kokoto, na mabakuli yake kichwani, avue pale tu anaposhika mtaimbo, na akawa akisema ukilazimika kupiga kelele ili mtu aliye umbali wa mkono wako akusikie, basi hapo ulipo panakula, ondoka au ziba. Yeye mwenyewe mtaimbo hakuushika tena, na yale maneno mawili, zima, ingia, hayakutoka kinywani mwake tena, hata mlangoni kwake mgeni akibisha alisema karibu, akasema pita, akasema usisimame nje, lakini si lile neno.

Mwaka 1986 Fahali aliyatupa mabakuli yake matopeni mbele ya kundi zima na kuyakojolea, akasema hawezi kuvalishwa na mtu aliyeua nduguye. Kengele aliweka chini mpini wa sururu, akavua shati, na wakapigana kwenye kokoto mpaka hapakuwa na aliyesimama vizuri, Fahali akiwa na mwili wa mlango na Kengele akiwa na hasira ya miaka saba, wakang'oana nywele, wakagonganishana vichwa kwenye tairi la lori, damu ikachanganyika na vumbi jeupe ikawa kama uji. Fahali aliona anashindwa, akakumbuka, akapiga kelele kwamba leo analimaliza hilo la kushoto, akarusha kofi la mkono mzima, na Kengele, aliyelijua kofi hilo tangu ana miaka saba, aligeuza uso akalipokea kwa mdomo. Meno matatu yalitoka. Akayatema, akauma ule mkono kwa yaliyobaki, akampandia Fahali kifuani, akavua mabakuli yake mwenyewe akamshindilia kichwani, akamkalia hivyo mpaka drili za wengine zilipoanza. Pengo lile mlilokuwa mkiliona akicheka, basi ndilo hilo, alitoa meno akaliokoa sikio, na alikuwa akisema hajawahi kufanya biashara nzuri kama ile.

Lakini mwaka huohuo, nyumbani, palitokea jambo dogo kuliko hilo, na yeye alilihesabu kuwa ndilo kubwa. Binti alikuwa na miaka sita, anacheza chini, upande wa kulia wa kiti cha baba yake, na baba akamuuliza amepeleka wapi funguo za stoo, mtoto akajibu, akamuuliza tena kwa ukali, mtoto akajibu, akamuuliza mara ya tatu, na mkono ukainuka wenyewe. Mkewe alikuwa anashona godoro, na sindano ile ndefu mkononi, hakupiga kelele, aliinuka tu, akamnyanyua mtoto kutoka kulia akamsimamisha kushoto.

"Sema tena, mwanangu."

"Ziko mfukoni mwako, baba."

Mkono ulikuwa bado uko juu. Aliutazama kama wa mtu mwingine, hakujua aupeleke wapi, mwisho akaushusha akautia mfukoni, na funguo zilikuwamo. Siku hiyo hakula, na tangu siku hiyo katika nyumba ile hakuna aliyekaa kuliani kwake, viti vyote vilihamishiwa kushoto, hata mgeni alielekezwa kiti kama aliyekwenda kwa kinyozi, na mwenye kutaka kusema naye alimgusa bega kwanza, akasubiri ageuke. Hakumpiga mtoto yule hata kwa ua. Mikono yake aliimalizia nje.

Na nje iliwatosha watu. Ukumbi wa sherehe ulipojengwa ng'ambo ya uchochoro na spika zake kuelekezwa dirishani kwao, alikwenda kuomba zigeuzwe, akacheka nao, akaomba tena, akaandikiwa barua akaipeleka, na mara ya nne alikwenda na nyundo ya kilo saba katikati ya sherehe ya watu, akaipasua spika moja mpaka matumbo yake ya waya yakalala sakafuni, bibi harusi akapanda juu ya meza. Walinzi walimtoa nje wakampiga kwa mikanda na buti, na aliyeshuhudia anasema hakujikinga kifua wala uso, aliweka mikono yote miwili juu ya sikio la kushoto akawaachia mengine yote, wakamvunja mbavu mbili. Mwenye ukumbi alikuja hospitali akiwa na polisi, akakuta mtu amefungwa bandeji anamuuliza kwa upole kama masikio yake yeye hayalii ngiii usiku, mwenye ukumbi akasema yanalia, na spika zikageuzwa zikatazama uwanja, zikapunguzwa, kesi ikaishia hapo. Vijana wa mtaa huu nyote mmepata kuchomolewa na yeye vile vidude vya muziki masikioni, akiwaambia kama wa pembeni yako anausikia wimbo wako, umeshaanza kujila, na mlimtukana, nanyi kwa bahati nzuri mlikuwa kuliani kwake.

Fahali aliendelea kuyavua mabakuli kila mgongo wa Kengele ulipogeuka, na kufikia mwaka 1994 alikuwa amekwisha. Alikuja nyumbani akasimama mlangoni, akasema kwa sauti kubwa isiyo na kipimo, "Kengele, hata mvua siisikii," na Kengele, ambaye angeweza kumcheka naye angekuwa na haki, alimwekea kiti kushoto kwake, akaleta ubao wa drafti, na wakacheza kila Jumamosi karibu miaka thelathini, bila kusemezana, wakiibiana kete.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 2011. Katika kulitunza sikio alikisahau kifua, barakoa ya vumbi aliiona ya nini, na lile vumbi jeupe alilolimeza machimboni lilimganda mapafuni kama saruji. Alianza kuugua mwaka 2019, akalazwa mara kadhaa, na mwezi wa Mei 2023 akalazwa kwa mara ya mwisho, akiwa amefungwa mpira wa hewa puani, anapigana na kila pumzi kama alivyopigana na kila mtu, na siku mbili za mwisho akawa hafungui macho wala hajibu, kila tulipomwita ilikuwa bure. Mkewe alimwomba daktari asogeze ile mashine inayolia kutoka kushoto kwa kitanda kuipeleka kulia, daktari mwenyewe akaisukuma bila kuuliza. Binti yao alikuwa safarini, alifika Jumatano tarehe 17 Mei, akaingia wodini bila kukimbia, akainama kushoto, na kwa sauti yake ileile, bila kuipandisha, akasema, "Baba, ni mimi, nimekuja."

Macho hayakufunguka, lakini midomo ilifunguka, na pengo likaonekana.

"Nimekusikia toka mlangoni."

Hakusema tena. Alifariki saa sita mchana wa siku hiyo, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, ameacha mjane, binti mmoja, dada mmoja na wajukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya vifua waliomstahimili, maana alikuwa akiwakemea kila walipofunga milango kwa kishindo, tunamshukuru yule muuguzi wa masikio, popote alipo, kama bado yu hai, majirani mliotembea kwa vidole wiki nzima, mwenye ukumbi aliyeuzima muziki wake leo bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake wa machimbo, ambao kama mnavyoona wamekaa na mabakuli yao shingoni kama skafu.

Kuhusu vitu vyake, alishagawa mwenyewe. Kiti cha kushoto amepewa Fahali, pamoja na ubao wa drafti na kete zote, hata zile alizoibiwa. Nyundo ya kilo saba amepewa mjukuu mkubwa, kwa sharti la kuomba mara tatu kwanza. Mabakuli yake ya kwanza, yenye alama ya meno ya Fahali pembeni, ambayo hata familia haijui yalifikaje pale, amepewa mjukuu mdogo anayejifunza useremala, ayavae kila msumeno unapowashwa, si baadaye, si kesho. Funguo za stoo amepewa binti yake, ingawa kufuli zilishabadilishwa. Mkewe ameachiwa nyumba, na utulivu wake.

Mtaimbo umebaki machimboni, kwa mgonga mwamba wa sasa, mwanamke aliyefundishwa na marehemu miaka kumi na mbili bila marehemu kugusa chuma chenyewe, na ambaye masikio yake yalipimwa mwezi uliopita yakakutwa hayajapungukiwa kitu. Asubuhi ya leo, kabla hatujakusanyika, aliteremka na mtaimbo huo ndani ya kaburi lililochimbwa kupita udongo mpaka ndani ya mwamba, pembeni ya Kitindamimba, akavua mabakuli, akagonga kuta zote nne na sakafu, jiwe kwa jiwe, na binti wa marehemu akiwa juu anasikiliza, na mwamba ukalia, wote waliokuwepo waliusikia ukilia kwa juu, kwa ukali, kama kengele. Ametuomba tukufikishie maneno yake, baba, mwana, mume na ndugu yetu, na tunakufikishia kwa kushoto.

Zima. Ingia, upumzike kwa amani.